Mjusi Yuko Berlin, Hayuko Tendaguru

Likizo ya Juni ikifika, simu zinaanza. Familia imetoka Dar, imeshalipia hoteli ya ufukweni hapa Lindi, na siku ya tatu watoto wamechoka kuchezea mchanga. Baba ananipigia: "Kaka, kesho tupeleke Tendaguru, watoto wakamwone yule mjusi."

Nisemeje tena ili nieleweke? Mjusi, yaani yule dinosaria mkubwa, hayuko Tendaguru, kile kilima alikochimbwa. Kile kiunzi cha mifupa mnachokiona kwenye picha, kirefu mita 13.27 kwenda juu, kiko Makumbusho ya Historia Asilia, Berlin, na kimesimamishwa huko tangu 1937. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakasafirisha tani zipatazo 250. Waingereza nao wakaja kuchimba miaka ya 1920. Ukipanda kile kilima ukitegemea kupiga picha chini ya shingo la dinosaria, utarudi umenuna na lawama ataangushiwa dereva.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu la pili, nikishaeleza: "Basi hakuna kitu, tusiende." Hakuna kitu? Umesimama juu ya miamba ya miaka kama milioni 150! Na ile mifupa haikufika pwani yenyewe. Wazee wa huku waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne mpaka bandari ya Lindi, na hapo Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, 1907. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mmoja wa dinosaria wa Tendaguru jina la kumkumbuka: Australodocus bohetii. Nikiwasimulia watoto hayo palepale kilimani, huwa wanauliza maswali mengi kuliko baba zao.

Ila mjipange. Ni kilomita kama 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi, lakini ukiacha lami hesabu ya kilomita haikusaidii. Njooni na gari la juu. Kigari cha mjini kiacheni hotelini. Tokeni alfajiri, na maji na chakula mbebe wenyewe. Chukueni mwenyeji wa kijijini awaongoze. Desemba sikushauri, mvua za kusini zimeshaanza na tope halijui kwamba mko likizo. Na mama, tafadhali, kagua mifuko ya watoto kabla hatujaondoka: kuokota mabaki yale ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kama kipande kinatosha kiganjani.

Wanaoshukia Mtwara nao wana lao: "Mikindani ni magofu tu." Mji huo mkongwe uko kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini. Kuna boma la Wajerumani la 1895, ambalo sasa ni hoteli, na ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kwa wenye watoto wadogo hiyo ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote, maana mtoto akilia mnarudi.

"Bahari haikimbii, tutaogelea tukifika." Inakimbia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile mnayomaliza chai, na ghuba ya Mikindani inabaki matope. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa za juzi si za leo. Muulizeni mvuvi, msimuulize mhudumu wa mapokezi.

Halafu Kilwa Kisiwani, ule mji wa kale wa magofu, eti "tunaenda na kurudi siku moja" kutoka Mtwara. Na watoto? Mtafika mchana, mmechoka, na muda wa kuzunguka kisiwa hamna. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa havitazamwi kwa kukimbia. Mnaotoka Dar mnapita Nangurukuru njiani: kateni kona hapo, laleni Kilwa Masoko, asubuhi mchukue kibali na boti, ndipo mje huku kwetu.