Chusa, Barafu na Daftari la Ziwa Winnebago

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Februari, ifikapo saa moja kamili asubuhi, maelfu ya watu waliojifungia katika vibanda vyenye giza juu ya barafu ya Ziwa Winnebago, jimboni Wisconsin, Marekani, huruhusiwa kushusha vyusa vyao na kuanza kumngojea stajoni, samaki mkubwa wa kale ambaye ndugu zake wa Bahari ya Kaspi ndio walioipatia dunia kaviari, yaani mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi. Mimi siku hiyo sikai kibandani. Kazi yangu ni biolojia ya samaki, na mahali pangu ni kwenye meza ya usajili ufukweni, nikiwa na futi ya kupimia, mizani na daftari. Miaka niliyosimama hapo imenifanya niamini kwamba kumbukumbu za uvuvi huu zimetunzwa mezani hapo kuliko mahali pengine popote.

Nieleze kwanza uvuvi wenyewe. Winnebago ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, kwani hata penye kina kikubwa zaidi hapafiki mita saba. Mvuvi hukata barafu kwa msumeno wa mnyororo, akafungua shimo la mstatili lenye ukubwa wa mlango, kisha pande la barafu lililokatwa akalisukuma chini ya barafu iliyobaki. Juu ya shimo huwekwa kibanda kisicho na dirisha. Giza hilo lina maana yake: nje, mwanga wa jua hupenya barafu na kuyaangaza maji, kwa hiyo aliye ndani huliona shimo likiwaka rangi ya kijani kibichi, na kama maji ni maangavu, huona mpaka sakafu ya ziwa. Wengi humwaga chini vitu vyeupe, hata vipande vya vyombo vya kauri, ili mgongo wa samaki anayepita juu yake usipotee machoni.

Msomaji aliyekulia pwani hatashangazwa na silaha yenyewe. Chusa cha Winnebago kina kichwa kizito cha chuma, chenye meno kadhaa yenye vyembe, na kichwa hicho huchomoka kwenye mpini mara samaki anapochomwa, akabaki ameshikiliwa kwa kamba. Kinachohitaji ustadi mwingine kabisa ni samaki wa bandia anayening'inizwa shimoni ili kumvuta stajoni asogee. Huchongwa kwa mbao, hutiwa madini ya risasi tumboni ili azame, hupachikwa mapezi ya bati, kisha hupakwa rangi ambayo kila ukoo huitetea kana kwamba ni siri ya dawa. Nimewaona watu wazima wakiwaleta kituoni samaki wa mbao waliochongwa na babu zao, rangi imebanduka, na hawakubali kuwapaka upya.

Baada ya hapo ni kungoja. Stajoni haumi ndoana kibandani humo wala hafuati chambo. Hupita tu akitafuta mabuu mekundu ya visubi wa ziwani yaliyojificha kwenye tope. Wapo wanaokaa misimu kumi bila kumwona hata mmoja. Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba kaka yake mkubwa alikufa akiwa amechoma samaki mmoja tu maishani, na kwamba habari ya asubuhi ile husimuliwa upya kila mwaka katika kibanda kilekile, na kila anayeisimulia huonyesha ubao aliokuwa ameuegemea.

Subira hiyo ndiyo inayonifanya nisikubaliane na wanaodhani kwamba kanuni za serikali zimeingia kama mgeni katika mila hii. Tazama maumbile ya samaki mwenyewe. Jike huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kupevuka, na baada ya hapo hutaga mara moja tu katika kila miaka mitatu hadi mitano. Anaweza kuishi zaidi ya karne moja. Stajoni wa mita mbili anaweza kuwa alianguliwa kabla baba wa mvuvi hajazaliwa. Samaki wa namna hiyo, akivuliwa ovyo kwa miaka michache, pengo lake halizibiki katika umri wa mtu mmoja. Wisconsin ilijifunza hilo mapema: uvuvi wa stajoni ulipigwa marufuku mwaka 1915, na ule wa chusa uliporuhusiwa tena Winnebago mwanzoni mwa miaka ya 1930, uliruhusiwa kwa masharti.

Leo kila mwenye leseni ana haki ya samaki mmoja kwa msimu. Kuchoma kunakoma saa saba mchana, na samaki lazima afikishwe kituoni bila kukatwakatwa, siku hiyohiyo, kabla ya saa nane. Msimu hauzidi siku 16, lakini hufungwa mapema endapo idadi iliyowekwa kwa kundi lolote kati ya matatu, yaani majike wachanga, majike waliopevuka na madume, itafikiwa. Ndiyo sababu mezani hatuishii kupima urefu na uzito, bali tunatazama pia mayai au manii ili kujua samaki ni wa kundi gani. Mayai hayo mvuvi anaweza kuyala na kuwagawia jamaa zake, ila kuyauza ni kosa la jinai.

Wakati tunapima, watu huzungumza. Watoto huja kupigwa picha kando ya samaki aliyewazidi kimo. Mnamo mwaka 2010 alisajiliwa samaki wa kilo 96 na kidogo, mzito kuliko wote waliowahi kuandikwa hapa, na hata leo nikiweka samaki mkubwa kwenye mizani, umati hunyamaza kungoja kama namba ile itapitwa.

Wavuvi wenyewe wamebeba sehemu kubwa ya ulinzi huu. Mwaka 1977 Bill Casper na wenzake walianzisha chama cha Sturgeon for Tomorrow, na kila masika, stajoni wanapotoka ziwani na kupanda Mto Wolf, ambao maji yake huishia Winnebago, kwenda kutaga kwenye mawe ya kingoni, watu wa kujitolea hukesha hapo kuwazuia majangili. Ukiwaona samaki hao wakigaragara kwenye maji ya kufika gotini, unaelewa mara moja kwa nini lazima walindwe: mtu anaweza kuwakamata kwa mikono mitupu.

Kwa Wamenomini, wenyeji wa sehemu ya juu ya mto huo, historia ni chungu zaidi. Kwao stajoni alikuwa chakula cha kwanza baada ya njaa ya majira ya baridi, na maporomoko ya Keshena ndiyo yaliyokuwa mahali pa kumpokea. Mabwawa yaliyojengwa Shawano yalimzuia asifike huko kwa karibu miaka mia moja. Tangu miaka ya 1990 samaki wachache hukabidhiwa jamii hiyo kila masika kwa ajili ya karamu na ngoma ya kumkaribisha, na baadaye stajoni hai wakaanza kusafirishwa kwa magari na kuachiliwa juu ya mabwawa. Nasema wazi kwamba mazungumzo yoyote kuhusu mila za Winnebago yasiyoanza na watu hawa yana upungufu.

Sasa barafu yenyewe imekuwa haitabiriki. Vilabu vya uvuvi bado huweka alama za barabara juu ya ziwa kwa miti ya Krismasi iliyotupwa, na hutandika madaraja juu ya nyufa, lakini mwaka 2024 barafu ilikuwa mbovu kiasi kwamba wengi hawakuthubutu kuingiza gari, na mashimo mengi hayakukatwa kabisa. Leseni, hata hivyo, lazima inunuliwe kabla mwezi wa Oktoba haujaisha, wakati mashua zingali zinaelea ziwani, na mwaka uliofuata majina yaleyale yalirudi katika daftari langu.