Swali la dhana katika fizikia ni swali la namna gani?

Mpira umerushwa wima kwenda juu. Hewa tuipuuze. Ukifika kileleni, pale unaposita kabla ya kuanza kushuka, mchapuko wake, yaani badiliko la kasi yake kwa kila sekunde, ni kiasi gani?

Mwulize mwanafunzi aliyemaliza mada ya mwendo juzi tu, na usishangae akikujibu kwamba ni sifuri. Mwanafunzi huyo huyo ukimtajia kasi ya kurushia na kumtaka atafute kimo ambacho mpira utafika, atachukua fomula, ataweka −9.8 mahali pa mchapuko, na jibu litatoka sawasawa. Ameandika kwa mkono wake kwamba mchapuko ni 9.8 m/s² kwenda chini safari nzima, kisha anashikilia kwamba kileleni haupo. Swali la dhana limetungwa ili kulifichua pengo hilo.

Kwa maelezo mafupi, ni swali la fizikia lisilojibika kwa kuchomeka namba kwenye fomula. Mara nyingi namba hazimo kabisa. Linataka useme nini kitatokea, kipi kitazidi kipi, au kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) inaelekea wapi, na utoe sababu. Wanafunzi wengi wakiona hakuna hesabu hudhani wamepewa swali la kupumzikia. Kumbe ndilo linalowatoa jasho. Wala si kila swali lisilo na namba ni la dhana. "Taja kanuni ya tatu ya Newton" linajibiwa na yeyote mwenye kumbukumbu nzuri. Lakini sema lori zito limegongana uso kwa uso na gari dogo, kisha uliza lipi limeipata kani kubwa zaidi: waliokuwa wakiitaja kanuni hiyo kwa ufasaha watasema gari dogo, bila kusita. Kani ni sawa kwa yote mawili, na ndivyo kanuni yenyewe isemavyo: kitu kikikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa kani iyo hiyo kuelekea upande wa pili. Gari dogo huumia zaidi kwa kuwa tungamo lake ni dogo, hivyo kani ile ile hulisababishia mchapuko mkubwa zaidi.

Turudi kwenye mpira, maana jibu la sifuri halitokani na uvivu. Lina mantiki yake. Kileleni kasi ni sifuri kweli, na mwanafunzi hajatenganisha kasi na badiliko la kasi. Ukimwambia tu kwamba amekosa, ataandika 9.8 kwenye daftari na kubaki na imani yake ya zamani. Afadhali umwongezee swali: kama kasi ni sifuri na mchapuko nao ni sifuri, ni nini kitakachoufanya mpira uanze kushuka? Kitu kilichosimama, na kasi yake haibadiliki, kitaendelea kusimama. Mpira ungebaki unaelea huko huko juu. Akilifikia hilo kwa kichwa chake mwenyewe, huhitaji kumsahihisha.

Walimu wa vyuo walichelewa kuliona tatizo hili, kwa sababu mitihani ya kukokotoa ilikuwa inalifunika. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake huko Marekani walichapisha mtihani mfupi wa kuchagua majibu kuhusu dhana ya kani, ambamo majibu yasiyo sahihi ni yale yale ambayo watu huyaamini katika maisha ya kawaida. Eric Mazur, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliposoma matokeo ya maswali ya aina hii aliamini kabisa kwamba wanafunzi wake wasingekwama. Alipowapa, mmoja akamwuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyoyafikiria mambo hayo. Sijui kama kuna maelezo mafupi zaidi ya ugonjwa wenyewe.

Mazur akabadili kipindi. Swali linawekwa mbele ya darasa, kila mmoja anachagua jibu peke yake kimyakimya, kisha anamgeukia jirani mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi, halafu wote wanachagua upya. Hatua ya kwanza hairukwi. Asiyekuwa amechagua jibu hana cha kutetea, atafuata tu mwenye sauti kubwa. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 waliofanya mitihani ya namna ile mwanzoni na mwishoni mwa kozi. Katika madarasa ya mihadhara ya kawaida, wanafunzi walikuwa wamepata kwa wastani kama asilimia 23 ya yale ambayo hawakuyajua mwanzoni. Katika madarasa ya kufikiri na kujadiliana, kama asilimia 48.

Na maabara? Mimi naona maabara ni swali la dhana ambalo mwamuzi wake si mwalimu. Chukua betri na balbu zinazofanana. Balbu A imeunganishwa peke yake na betri. B na C zimeunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia moja, na betri nyingine kama ile. D na E zimeunganishwa sambamba, kila moja na njia yake, na betri ya tatu. Zipange kwa mwangaza. Kabla ya kugusa waya hata mmoja, kila mtu aandike utabiri wake kwa kalamu, si penseli.

Wengi wataandika kwamba B itawaka kuliko C, kwa sababu umeme unaifikia kwanza na C inapata masalia. Swichi inapowashwa, B na C zinawaka sawa, na zote mbili zimefifia kuliko A. Kwa hiyo mkondo wa umeme hauliwi njiani. Unaopita B ndio unaopita C. D na E je? Zinalingana na A, na hapo anayeamini kwamba betri hutoa mkondo ule ule siku zote anakwama tena, kwa sababu betri hii inatoa mkondo maradufu.

Mwongozo wa maabara unaoagiza "unganisha hivi, soma mita, jaza jedwali, thibitisha kanuni" hauleti mshtuko huo, kwa kuwa jibu limeshatajwa kwenye kichwa cha jaribio. Mwanafunzi makini anajua namba zinazotakiwa, na akizikosa atazirekebisha kidogo. Natasha Holmes, mtafiti wa ufundishaji wa fizikia, na wenzake walipolinganisha alama za mtihani za wanafunzi waliofanya maabara za kuthibitisha mihadhara na za wasiozifanya, hawakuona tofauti ya maana.

Betri ikiwa imechoka, D na E zitafifia kidogo kuliko A, na kundi moja litasema jaribio limeharibika. Usikimbilie kuleta betri mpya. Waambie wachomoe E huku wakiiangalia D. Mwangaza wa D utapanda, na sasa kuna swali ambalo halikuwemo kwenye mpango wa somo: ndani ya betri yenyewe kuna nini kinachouzuia mkondo?