Paa la nyumba ya kupanga likivuja Malindi: tunayoambiana barazani na inayosema sheria

Masika yakishika Malindi, ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba hufuata mawingu. Mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari yanaonyesha matundu, ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka chini hadi chokaa inabambuka, ukuta wa choo cha uani unalala. Kuanzia mtaa wa Maweni hadi mtaa wa Barani ushauri unaotolewa ni uleule, na mwingi wake unamtia hasarani huyo huyo anayeshauriwa.

"Huna mkataba wa karatasi, huna haki"

Hii ndiyo inayonyamazisha watu wengi, na si kweli. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inakubali upangaji wa mdomo usiozidi miaka miwili. Mtu aliyeachiwa nyumba akae na kulipa kodi bila maandishi yoyote, sheria inamhesabu kuwa mpangaji wa kipindi, yaani upangaji wake unakwenda kwa kipindi anacholipia. Ukiwa unalipa mwezi kwa mwezi, notisi ya kukutoa haipungui mwezi, hata mwenye nyumba apige kelele vipi kwamba kesho utoke. Ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi ni ushahidi mzuri. Anayelipa mkononi ndiye wa kujihadhari: adai risiti, au angalau sahihi kwenye daftari.

"Uliikuta hivyo, ukakubali"

Kifungu cha 65 cha sheria hiyo kinasema nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinakalika siku unapoingia, na kibaki kinakalika muda wote wa upangaji. Mwenye nyumba anafungwa na sharti hilo hata kama hakuna aliyelitaja mlipopeana funguo.

Kisha kuna jambo linalozihusu nyumba zetu hasa. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ushoroba katikati, ua nyuma, bomba moja, choo kimoja, na kila chumba kina mpangaji wake. Aliyepanga chumba cha tatu hakupanga paa. Kifungu hicho kinasema ukikodishiwa sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na sehemu za pamoja kama vile ushoroba ni juu ya mwenye nyumba kuzitunza. Kwa hiyo ule mtindo wa kuwapitia wapangaji chumba kwa chumba wachangie mabati mapya hauna msingi, labda mmekubaliana kwamba mtarudishiwa.

Wengine huja na udhuru wa kipwani kabisa: "Mimi nina nyumba tu, ardhi si yangu." Ni kweli, hapa kwetu wengi wamejenga juu ya ardhi ya watu. Lakini hilo ni lao na mwenye ardhi. Aliyekukodisha na anayepokea kodi ndiye unayemdai ukarabati.

Mpangaji naye ana yake. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mwanao ni chako, kitasa ulichong'oa ni chako, na kifungu cha 66 kinakutaka uitunze nyumba ulivyoipokea. Ila uchakavu wa kawaida umeondolewa. Rangi iliyofifia kwa kukaa miaka si sababu ya kula diposti ya mtu, ingawa diposti nyingi huliwa kwa rangi hiyo hiyo.

"Asipotengeneza, usilipe kodi"

Ushauri huu una ladha tamu kuliko yote, na ndio unaoumiza zaidi. Ukiacha kulipa, kesi inageuka. Jana ulikuwa mlalamikaji mwenye picha za dari iliyooza. Leo wewe ndiye mdaiwa, na paa halitajwi tena. Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba anayedai kodi kumtuma dalali mwenye leseni akamate vyombo vyako. Televisheni ikishapakiwa kwenye mkokoteni, hoja ya mabati haisikiki.

Kuna wanaosema, basi nitatengeneza mwenyewe nikate kwenye kodi. Kwa maduka na hoteli, baraza la kodi za biashara lina uwezo wa kumruhusu mpangaji afanye ukarabati ulio juu ya mwenye nyumba kisha akate gharama. Tazama mpangilio wake: ruhusa kwanza, fundi baadaye. Kwa nyumba ya kuishi, usinunue hata msumari kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi, kiasi gani na kitakatwa mwezi gani.

Kodi husimama kwa njia moja inayotambuliwa wazi. Moto, mafuriko au dhoruba ikiiharibu nyumba bila uzembe wako hadi haikaliki, kodi inasimama, yote au kwa kadiri ya uharibifu, mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, unaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja. Wanaoishi chini ya makuti walijue hili, kwa maana moto wa makuti haubishi hodi.

Mengine yote huanza na ujumbe. Usipige simu tu, andika, na uandike kwa adabu:

"Asalaam aleykum, Mzee. Paa la chumba cha tatu linavuja juu ya kitanda tangu mvua ya Jumamosi, na ukuta wa nyuma umeloa hadi kwenye swichi ya stima. Picha ni hizo. Naomba fundi afike kabla ya tarehe 20. Kodi ya mwezi huu nimeshakutumia."

Ujumbe huo una tarehe, una kasoro, una muda wa kutengeneza, na unaonyesha kwamba deni huna. Hakimu akiusoma hana haja ya kuuliza nani alianza.

"Nikilalamika atang'oa mlango"

Wapo wanaofanya hivyo, tusidanganyane: kufuli jipya mlangoni, stima kukatwa, bati kuvuliwa juu ya kichwa cha mtu. Sheria inampa mpangaji anayelipa haki ya kukaa kwa utulivu, na hayo yote ni kuivunja. Anayetaka kukutoa atoe notisi, na ukibishana naye, aende mahakamani. Piga picha ya kufuli kabla ya kupiga kelele.

"Mambo ya nyumba yanaishia kwa chifu"

Chifu au mzee wa mtaa anafaa kusuluhisha, na mara nyingi inatosha, maana hapa watu wanajuana. Lakini hana uwezo wa kuamuru paa liezekwe. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ina baraza lake maalum la kodi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati, kinawafaa wenye vyumba vya bei ya chini tu. Kodi ikizidi hapo, mlango ni mahakama, na Malindi ziko mjini.

Na ikiwa tatizo ni choo kilichobomoka au maji machafu yanayotuama uani, mwone afisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Kilifi. Watu humdhania ni wa kukagua mikahawa tu. Sheria ya Afya ya Umma inamruhusu kutoa notisi uchafu unaodhuru afya uondolewe, na kasoro ikiwa ni ya jengo lenyewe, notisi hiyo anaandikiwa mwenye nyumba, si mpangaji.