Joto la mto si umeme uliofichwa

Joto taka ni lile linalobaki mtambo wa mvuke ukishazalisha umeme, likachukuliwa na maji ya kupozea hadi mtoni. Kulivuna ni kulitoa humo na kulipeleka panapohitajika.

Hapa Bukavu, Kongo, tunasikia: "Nasi tuvune joto la mto Ruzizi, si tuna santrali (mitambo ya umeme) mbili?" Ndugu zangu, Ruzizi I na Ruzizi II huendeshwa na nguvu ya maji yanayoteremka. Maji husukuma turbini na kuendelea na safari yake, hakuna kinachochemshwa. Habari hiyo ni ya mito kama Rhône, Ufaransa, penye mitambo ya nyuklia. Huko takriban theluthi moja tu ya joto la reakta, yaani tanuri la nyuklia, hugeuka umeme, hivyo mtambo wa megawati 1,000 za umeme hutupa joto la megawati 2,000 hivi. Mto unaopitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde ungepanda karibu nyuzi 5, na samaki wangeumia.

Kinachoniudhi hasa ni kuzihesabu megawati hizo 2,000 kama umeme unaopotea bure. Wingi wa joto ni jambo moja, ukali wake ni jingine. Pipa la maji ya uvuguvugu lina joto jingi kuliko kikombe cha chai inayochemka, lakini halitaivisha yai hata ukilitumbukiza humo siku nzima. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha tangu 1824 kwamba nguvu unayoweza kupata kutoka kwenye joto hutegemea tofauti kati ya penye moto na penye baridi. Maji ya nyuzi 30 yakiwa kando ya maji ya nyuzi 20, hata mashine isiyo na kasoro yoyote ingepata asilimia 3 na kidogo. Mashine halisi hazifiki hapo.

Ndiyo maana wanaochota joto mtoni hutumia pampu ya joto, mashine inayochukua joto la uvuguvugu na kulipandisha nyuzi, na pampu hiyo yenyewe inakula umeme. Ya Mannheim, Ujerumani, iliyozinduliwa 2023 kando ya mto Rhine, hutoa megawati 20 za joto kwa kutumia takriban megawati 7 za umeme. Joto hilo linaingia kwenye mabomba ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi. Sisi hatuna mabomba hayo, na umeme wenyewe tunaulilia.

Kwa hiyo mtu akikutajia megawati za mtoni, muulize kwa upole: ni za nyuzi ngapi, na ni nani wa karibu anayehitaji joto la nyuzi hizo?