Depo si ghala kila mara

Depo ni mahali wanapowekwa watu, au vinapowekwa vitu, vikisubiri kupelekwa kwingine. Neno lilitoka katika Kifaransa, dépôt, nalo asili yake ni Kilatini, depositum, yaani kilichowekwa amana. Wafasiri wetu wa historia ya jeshi la Uingereza huligeuza kuwa "ghala la silaha" kila wanapokutana nalo, hata msomaji akadhani kwamba makuruta walilazwa kati ya mapipa ya baruti.

Ipo depo iliyokuwa ghala kweli, nayo ni Weedon, Northamptonshire. Bunge liliidhinisha ijengwe mwaka 1803, wakati Waingereza walipohofia kuvamiwa na Napoleon, na mahali hapo palifaa kwa kuwa ni mbali na pwani na pako kando ya mfereji wa Grand Junction. Tawi la mfereji huo lilipenya ukutani chini ya lango la kushushwa kutoka juu, mashua zikapita katikati ya maghala manane yaliyojengwa safu mbili, kisha zikafikia majengo ya baruti, yaliyotenganishwa kwa vizuizi vya udongo ili moja likilipuka lisiyachukue mengine. Mwenye mali alikuwa Bodi ya Ordnance, iliyowapatia silaha askari wa nchi kavu na wa majini mpaka ilipovunjwa mwaka 1855. Kambi ya askari ilikuwa kando, kilimani. Ilibomolewa miaka ya 1950, na bohari ikafungwa mwaka 1965. Hata Weedon, basi, kambi na depo havikuwa kitu kimoja.

Maana ya pili ni ya watu. Kikosi kilichotumwa India kiliacha nyumbani kompani za depo za kupokea na kufunza makuruta, na mageuzi ya Waziri wa Vita wa Uingereza, Edward Cardwell, katika miaka ya 1870 yakazipa makao ya kudumu mikoani. Makao hayo nayo yalikuwa na ghala la silaha, mara nyingi ndani ya mnara uliofanana na ngome ya kale, lakini ghala hilo lilikuwa sehemu tu ya depo.

Mtanzania anayesema "nilipokuwa depo", akikumbuka mafunzo yake ya awali ya jeshi au polisi, amelitumia neno sawasawa, na mwenye depo ya soda naye hajakosea. Mfasiri angeuliza kwanza ni nini kinachosubiri humo: zikiwa bunduki, aandike bohari; wakiwa makuruta, aliache neno depo kama lilivyo.