Kazi ya meli za kitalii Karibi: soma mkataba kabla hujatoa hata shilingi

Mwezi wa tano alikuja chuoni kwetu kijana mmoja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza iliitwa mkataba: uhudumu kwenye meli ya kitalii inayotoka Miami kwenda Bahama na Meksiko, miezi mitatu, Juni hadi Agosti. Ya pili ilikuwa stakabadhi iliyoandikwa kwa mkono, shilingi milioni moja na laki nne, "ada ya nafasi na viza". Alitaka kujua kozi ya usalama huchukua siku ngapi, maana aliambiwa anasafiri baada ya wiki tatu. Nilitafuta ndani ya mkataba ule jina la meli, sikuliona. Nikatafuta bendera, yaani nchi meli ilikosajiliwa, hamna. Nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza atamwambia nini mama yake, kwa kuwa fedha ile ilikuwa mkopo wa kikoba.

Nafundisha mabaharia, na kisa hiki nimekiona kwa sura nyingi. Kinachoniuma ni kwamba kazi zenyewe zipo kweli. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, ina wafanyakazi wapatao 2,350. Abiria ni 5,610 wakilala wawili wawili, na ikijaa kabisa hufika 7,600. Huo ni mji unaoelea, na mji unahitaji wapishi, waosha vyombo, madobi, watandika vitanda, mafundi wa umeme, walinzi, wauguzi, wanamuziki na walezi wa watoto. Shule za Marekani zikifungwa Juni, familia hujaa melini, na hapo ndipo maneno ya "kazi ya kiangazi" yanapozaliwa.

Ila kwa mtu wa jikoni au wa vyumbani, mkataba wa kawaida ni miezi sita hadi tisa mfululizo, kisha mapumziko ya wiki kadhaa ambayo kwa wengi hayana mshahara. Nafasi za miezi michache zipo, hasa za kulea watoto na za burudani, lakini ni chache. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu anayedhani atakwenda likizo na kurudi kabla muhula haujafunguliwa, ajue mapema kwamba huenda akalazimika kuahirisha mwaka.

Sasa habari ya fedha, na hapa naomba unisome taratibu. Upo Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao mabaharia wenyewe huuita MLC. Ulianza kufanya kazi Agosti 2013. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Bahama na Panama, ambazo bendera zao utaziona nyuma ya meli nyingi za Karibi, nazo zimeuridhia. Mkataba huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, iwe yote au nusu. Gharama zinazoweza kuwa zako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Imeandikwa hivyo, wala si huruma ya mtu. Kozi za msingi za usalama, zile za kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, kwa kawaida unazilipia mwenyewe, lakini zilipie chuoni, upewe risiti ya chuo. Wakala akikuambia "nipe mimi nikulipie", rudi nyumbani na hela yako.

Viza yenyewe inayotumiwa na wafanyakazi wa meli zinazopakia watu Marekani huitwa C1/D. Ukiambiwa utaingia kwa viza ya kutalii halafu "mambo yatarekebishwa melini", huyo anakutia matatani.

Ukipewa mkataba halisi, usitie saini siku hiyo hiyo. MLC inakupa haki ya kuusoma na kutafuta ushauri kabla ya kusaini, na kubaki na nakala yako. Tafuta jina la mwajiri na la meli. Tafuta mshahara ni kiasi gani bila kuhesabu bakshishi, kwa kuwa bakshishi hupanda na kushuka. Tafuta bendera: meli inaweza kufunga gati Miami kila wiki na bado ikawa chini ya sheria za Bahama, na Marekani yenyewe haijauridhia MLC. Tafuta nani anakurudisha nyumbani mkataba ukiisha. Jibu sahihi ni mwenye meli, na haruhusiwi kukutaka uweke fedha ya nauli hiyo mapema. Ukiumwa au ukiumia kazini, matibabu ni yake, na mshahara kamili unaendelea ukiwa bado melini au mpaka urudishwe kwenu; baada ya hapo unalipwa wote au sehemu yake mpaka upone, ingawa sheria inaweza kuweka kikomo kisichopungua wiki 16.

Saa za kazi ndizo zinazowavunja watu. Kikomo ni saa 14 ndani ya saa 24, na saa 72 ndani ya siku saba. Au, nchi ya bendera ikichagua kuhesabu mapumziko badala ya kazi, si chini ya saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Piga hesabu: saa 72 ni zaidi ya saa kumi kila siku, hata Jumapili. Kila mtu ana kumbukumbu ya saa zake na anastahili nakala. Nawasihi wanafunzi wangu wasitie saini saa ambazo hawakupumzika. Mtu aliyelala saa nne kwa siku kumi hasikii vizuri hata king'ora.

King'ora chenyewe ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawakuwa wamefanya zoezi la dharura. Kanuni ikabadilishwa: zoezi lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu meli inapoondoka. Ndiyo maana muosha vyombo naye anapewa kazi siku ya hatari. Abiria hawatamtafuta nahodha. Watamkimbilia mwenye sare aliye karibu.

Jikoni kuna somo jingine ambalo wageni hulidharau. Utapewa ndoo tatu: nyekundu ya maji ya sabuni, ya kijivu ya kusuuzia, nyeupe ya dawa ya kuua vijidudu. Kitambaa hakirukii ndoo ya tatu kabla ya kupita mbili za kwanza. Chakula baridi kisizidi nyuzi 5 za Selsiasi, cha moto kisishuke chini ya 57. Wakaguzi wa afya wa Marekani huingia melini bila taarifa na kutoa alama kati ya 100. Meli ikipata 85 au chini imefeli. Wanachokiogopa zaidi ni norovirusi, inayoleta kutapika na kuharisha na kusambaa kwa mikono. Dawa ya mikono yenye spiriti haiiwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo tiba ya mikono. Ukiharisha, sema. Najua utawekwa kabini peke yako na utaogopa bosi, lakini ukificha utawalisha ugonjwa watu elfu tano.

Watu wa pwani tunaijua kusi na kaskazi. Huko Karibi msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Septemba. Meli hukwepa na kubadilisha bandari, kwa hiyo usimwahidi mtu picha ya kisiwa fulani. Kabini yako itakuwa sitaha za chini, vitanda vya ghorofa na pazia, mara nyingi pasipo dirisha. Ujia mrefu wa wafanyakazi unaokata meli toka mbele hadi nyuma huitwa I-95, jina la barabara kuu ya mashariki ya Marekani. Ukitoka kazini saa sita usiku za Miami wakati wa kiangazi cha Marekani, Dar es Salaam na Mombasa ni saa moja asubuhi. Ni saa nzuri ya kumpigia mama.

Ukimtilia shaka wakala, mwulizie kwenye mamlaka ya usafiri wa majini kabla ya kumpa chochote: Kenya nenda KMA, Tanzania Bara TASAC, Zanzibar ZMA. Ukishatapeliwa, peleka stakabadhi polisi hata kama unaona haya.

Kijana wa bahasha alirudi Oktoba. Safari hii mkataba ulikuwa na jina la meli, bendera ya Bahama, na viza kwa gharama ya mwenye meli. Tuliusoma pamoja ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye saa za kazi alinyamaza, akaomba kalamu, akaanza kuzidisha pembeni mwa karatasi.