Je, wajua kwa nini tumbo hulegea baada ya kupungua kilo nyingi?

Mtu alikuwa na kilo 120, sasa ana 75. Presha imetulia, ngazi anapanda bila kuhema, suruali za zamani ameshawagawia ndugu. Lakini akivua shati, chini ya kitovu kuna mkunjo unaoning'inia, na akikaa unajikusanya juu ya mkanda. Dar es Salaam jibu la haraka analijua kila mtu: hiyo ni nyama uzembe, ongeza mazoezi ya tumbo.

Jibu hilo limebeba makosa mawili. Inafaa kuyafumua taratibu, kwa sababu ndiyo yanayouza mikanda ya tumbo Kariakoo, na ndiyo yanayowafanya watu wakimbie alfajiri kwenye Daraja la Tanzanite wakiwa wamejiviringisha nailoni chini ya fulana. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, nailoni ya tumbo imesalimika.)

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba msuli hula mafuta yaliyo jirani yake. Mafuta huvunjwa ndani ya seli zinazoyahifadhi, yakaingia kwenye damu na kusafiri mwili mzima. Msuli unaofanya kazi huchota kwenye damu hiyo, na haujali kama mzigo umetoka tumboni, mapajani au mgongoni. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja unapiga mpira kwa miaka huku wa pili ukisindikiza tu. Mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa sababu ya misuli, ila mafuta yaliyo chini ya ngozi yalilingana na ya mkono wa pili. Mwaka 1984 wengine wakafanya jaribio la moja kwa moja zaidi: wanaume walilala chali na kuinuka, kila mmoja mara 5,004 ndani ya siku 27, kisha zikachukuliwa sampuli za mafuta tumboni, mgongoni na matakoni. Seli zilikuwa zimesinyaa kidogo, na zilisinyaa kwa kiasi kinachofanana kote. Tumbo, baada ya taabu yote ile, halikupata upendeleo.

Tuwe waangalifu kidogo hapa. Kuna jaribio dogo la mwaka 2023 lililodai kwamba mazoezi ya tumbo ya muda mrefu yalipunguza mafuta ya kiwiliwili zaidi ya kukimbia. Walioshiriki walikuwa wanaume wachache, na tofauti iliyoonekana haikuwa kubwa. Huenda mlango haujafungwa kabisa, lakini hakuna anayepitisha kilo 45 kwenye upenyo huo.

Nailoni nayo imejengwa juu ya dhana kwamba mafuta hutoka kwa jasho. Jasho ni maji na chumvi. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown, wa Australia, walipiga hesabu ya kemia ambayo hata madaktari wengi hawakuwa wameifikiria: kilo 10 za mafuta zikichomwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi na kilo 1.6 hubaki kuwa maji. Yaani sehemu kubwa ya kitambi hutoka puani na mdomoni, kimyakimya, hata mtu akiwa amekaa kwenye foleni ya Ubungo. Kinachofanywa na nailoni, kwa unyevu wa Dar, ni kuzuia jasho lisikauke, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Mizani itasoma pungufu, mpaka umalize chupa ya maji.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kudhani kwamba kilichobaki pale mbele ni mafuta au msuli mlegevu. Minya ule mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada. Mkunjo ukiwa mnene, unajaza vidole, bado kuna mafuta. Ukiwa mwembamba, unavutika mbali na mwili na kurudi kivivu, kwa sehemu kubwa hiyo ni ngozi. Na chini ya ngozi hiyo msuli unaweza kuwa imara kabisa. Wapo watu wenye sikspaki ya haki ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Basi kwa nini ngozi hairudi? Wengi huifikiria kama lastiki: ilivutwa, ikiachiwa itarudi. Lakini mfikirie fundi cherehani aliyekushonea suruali ya lastiki kiunoni. Ukinenepa kidogo, lastiki inavutika. Ukipungua, inajirudi, na fundi hana habari. Ukiendelea kunenepa, lastiki inafika mwisho wake. Fundi anafumua ubavuni na kuongeza kipande cha kitambaa. Miaka inapita, anaongeza kingine. Na kwa kuwa lastiki imekaa imevutwa muda wote huo, nyuzi zake zinaanza kukatika. Sasa umepungua. Lastiki iliyobaki itajitahidi kukusanya inachoweza, lakini vile vipande vilivyoongezwa ni kitambaa halisi, vina upana wake, na vitabaki vikibwaga. Unaweza kukomaza kiuno kilichomo ndani ya suruali hiyo unavyotaka. Suruali haitapungua hata sentimita.

Fundi huyo yupo kweli mwilini. Seli za ngozi huhisi mvuto unapodumu, nazo huongezeka, ngozi ikapata eneo jipya. Madaktari wa upasuaji walianza kulitumia jambo hilo kwa makusudi zamani: mwaka 1957 Charles Neumann alieleza jinsi alivyoweka puto chini ya ngozi karibu na sikio lililopotea, akalijaza kidogo kidogo, mpaka akapata ngozi ya kutosha kufunika sikio la kutengenezwa. Njia hiyo hutumika hadi leo kwa watu wenye makovu makubwa ya moto. (Usiichanganye na puto linalowekwa hospitali ya Mloganzila kwa wanaotaka kupungua. Lile hukaa ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe mapema.) Kitambi kinachokua miaka kumi na tano kinafanya kazi ya puto la Neumann, tofauti ni kwamba hakuna aliyeiomba ngozi hiyo.

Lastiki nayo ina jina: elastini. Mwili hutengeneza sehemu kubwa ya elastini kabla ya kuzaliwa na katika miaka ya utotoni, kisha karibu unafunga kiwanda. Nyuzi zikikatika ukiwa na miaka 40, hazitengenezwi upya kwa ubora ule wa mwanzo. Michirizi tumboni ni alama ya mahali ambapo tabaka la ndani la ngozi lilichanika. Kolajeni, inayoipa ngozi uimara, huendelea kutengenezwa, lakini ngozi ya waliopungua sana ikitazamwa kwa hadubini mara nyingi huonyesha nyuzi nyembamba zisizo na mpangilio.

Ndiyo maana umri, idadi ya kilo, miaka uliyokaa nazo, uvutaji sigara na urithi huamua mengi. Kuhusu ule ushauri wa kupungua polepole ili ngozi ifuate, ushahidi ni mwembamba. Wanaopungua haraka baada ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula hulegea sana, ni kweli, lakini ndio pia wanaopoteza kilo nyingi zaidi, kwa hiyo ni vigumu kujua mkosaji ni mwendo au mzigo.

Krimu za kukaza hazifiki mbali: molekuli ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi nzima. Kolajeni ya kunywa humeng'enywa kama protini nyingine. Majaribio kadhaa yameona mabadiliko madogo kwenye mikunjo ya uso, mengi yakiwa yamelipiwa na wauzaji, na mikunjo ya uso si ngozi inayoning'inia. Mkaja, ule wa mzazi, hubana na kutegemeza ukiwa umefungwa. Ukifunguliwa, kila kitu hurudi kilipokuwa.

Mazoezi yana kazi yake, ila ni nyingine. Kunyanyua vyuma hulinda misuli isiondoke pamoja na mafuta, na misuli hujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa, hasa mikononi na mapajani. Kwa waliozaa, ile misuli miwili ya mbele ya tumbo inaweza kuwa imeachana katikati. Hapo mazoezi sahihi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia husaidia wengi.

Ngozi yenyewe inahitaji uvumilivu. Huendelea kujikusanya kwa miezi mingi baada ya uzito kutulia. Katika joto la Februari, tatizo halisi kuliko la kioo ni jasho na fangasi chini ya mkunjo: osha, kausha vizuri, vaa pamba. Upele ukirudi kila mara, muone daktari, kwani hiyo ni sababu ya kitabibu ya kufikiria upasuaji, si urembo tu.

Na upasuaji ndiyo njia pekee ya kutoa ngozi iliyozidi. Kufyonza mafuta hakutoshi. Hutoa kilichomo, gamba likabaki, pengine likalegea zaidi. Daktari kwa kawaida hutaka uzito uwe umetulia angalau miezi sita, na mwanamke awe amemaliza kuzaa. Hukata chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, na kovu hilo ni refu; sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari zaidi ya kupata keloidi, yaani kovu linalovimba na kuzidi jeraha lenyewe, kwa hiyo swali hilo liulizwe kabla ya kisu. Kisha huinua ngozi yote mpaka karibu na mbavu, huishonea pamoja misuli iliyoachana, huivuta ngozi chini na kukata inayozidi. Kitovu, muda wote huo, hakihami. Kimeshikwa na shina lake kwenye ukuta wa tumbo, na tundu lake la zamani hutupwa pamoja na ngozi iliyokatwa. Daktari hulipapasa tumbo jipya, akakitafuta kilipo, akakitobolea dirisha.